Siku ya Tatu Bila Gongo

Nilistaafu miezi mitatu iliyopita, na tangu hapo wauguzi vijana wa kliniki yetu wamekuwa wakinijia nyumbani Chumbageni kuniuliza mambo. Wengi huuliza jambo lilelile: mgonjwa mwenye virusi anayekunywa pombe afanyweje, maana ukimgombeza harudi, na ukimwacha anakufa na dawa mkononi. Nimechoka kulijibu kwa vipande vipande, kwa hiyo nimekaa niandike. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo havikuwa vingi, na mishahara mnaijua wenyewe.

Nilianza kazi ya kifua kikuu na ukimwi miaka ile maduka ya Tanga yalipoanza kujaa tena, baada ya muda mrefu wa foleni za sukari na sabuni. Mitumba ilimwagwa kando ya barabara, redio mpya zikaimba vibandani, lakini mgonjwa wa hospitali aliambiwa aje na glavu zake. Dawa za kupunguza makali ya virusi tulizisikia tu, kama mtu anavyosikia habari za nchi ya mbali. Tulichokuwa nacho ni sindano na vidonge vya kifua kikuu, dawa za fangasi na za kuhara zilipopatikana, na maneno.

Chumba chetu kilikuwa mwisho wa varanda, zamani stoo ya magodoro. Mlangoni hapakuandikwa kitu. Siku ya kwanza nilidhani ni uzembe, nikatafuta chaki niandike. Dada aliyenipokea akanishika mkono. "Ukiandika," akasema, "hawatapita hata mbele yake." Basi watu waliingia kwenye mlango usio na jina na kutoka bila kutazama upande. Wengine walikuja mara moja tu, halafu tukasikia hawapo. Mitaani nyumba zilikuwa zikifungwa moja moja, na jirani ukimuuliza waliokuwa wakikaa pale wamekwenda wapi, alikujibu kwamba mvua mwaka huu imechelewa.

Aliyenifundisha mambo ya pombe hakuwa wa chumba chetu. Alikuwa Bwana Mhando, muuguzi wa wagonjwa wa akili, Mbondei wa Muheza, mtu mrefu mwenye sauti ndogo, kama anayezungumza karibu na mtoto aliyelala. Siku moja alinisikia nikimuuliza mgonjwa, "Unakunywa pombe?" Mgonjwa akajibu, "Kidogo, Sista." Nikaandika: kidogo.

Mgonjwa alipotoka, Bwana Mhando akaniambia, "Umemuuliza swali la polisi. Muulize swali la mpishi. Kinywaji gani, kwa chombo gani, na cha kwanza leo saa ngapi." Kwenye droo yake alikuwa na glasi ndogo, kikombe cha bati, chupa ya soda na kata ya kifuu. Alivipanga mezani, mgonjwa akaonyesha kwa kidole. Halafu alimwambia anyooshe mikono mbele, akamlazia karatasi juu ya vidole. Karatasi ikitetemeka, tulijua mwili umeshazoea, na kwamba lile neno "kidogo" lilikuwa adabu tu.

Kulikuwa na somo jingine alilotaka kunipa siku hiyo, linalohusu kuacha. Nikaitwa wodini. Nikamwambia nitarudi, na sikurudi.

Sikurudi kwa sababu nilijichoma sindano. Tulikuwa tukichemsha mabomba ya sindano na kuyatumia tena, na katika kuitoa sindano ili niichemshe ikanizamia kidole gumba. Ilikuwa imetoka kwa mwanamke ambaye majibu yake nilikuwa nimemsomea mwenyewe. Nilinawa kwa sabuni hadi ngozi ikawa nyeupe. Siku hizo hapakuwa na kidonge cha kuwahi. Ulisubiri miezi mitatu ukapimwa. Sikumwambia mume wangu wala dada wa chumba chetu. Nilipika, nilikuja kazini, nilinasihi watu wasifiche mambo yao.

Katikati ya miezi hiyo mitatu ndipo alipokuja Bwana Simoni.

Alikuwa Muha kutoka Kasulu, umri wa miaka hamsini hivi. Aliletwa Tanga akiwa kijana kukata mkonge, na kwa kuwa alijua kusoma akafanywa karani wa kuita majina ya wafanyakazi kila asubuhi. Kazi hiyo aliifanya miaka mingi, kwenye shamba moja njia ya Maramba. Bei ya mkonge ikaanguka, mitambo ikasimama, watu wakalipwa nusu na kisha hawakulipwa kabisa. Shamba likawa linasubiri mnunuzi. Simoni na mkewe Hadija, Mdigo wa Maramba, walibaki kambini kwa sababu hawakuwa na pa kuhamia.

Alikuwa na kifua kikuu na virusi. Sindano alichomwa kwenye zahanati ya karibu na kambi, vidonge alifuata kwetu. Mara ya tatu alipokuja, macho yake yalikuwa ya njano kama bizari na pumzi yake ilinuka gongo saa mbili asubuhi. Vidonge vile na gongo vilikuwa vinamla ini pamoja. Nikamsimamishia vidonge, na Jumatatu iliyofuata nikaomba nafasi kwenye gari la chanjo nikaone anaishi vipi.

Gari liliniacha kwenye njia panda, nikatembea. Mkonge usiokatwa ulikuwa umechomoza milingoti yake, mamia kwa mamia, mirefu kuliko nyumba. Kambi ilikuwa safu sita za vyumba vyenye namba za rangi nyeupe ukutani. Milango ilikuwa imeng'olewa kwa kuni, kwa hiyo kila namba ilikuwa na tundu jeusi chini yake. Hapakuwa na kuku wala moshi. Lakini uwanja wa mbele ya safu ya kwanza ulikuwa umefagiliwa, mistari ya ufagio mibichi kabisa, na juu yake nyayo za mtu mmoja.

Simoni alikuwa amesimama mwisho wa nyayo hizo, koti la zamani la kazini limemning'inia mabegani.

"Shikamoo, Bwana Simoni."

"Marahaba, Sista. Umewahi. Ndio kwanza wanakusanyika."

Nikatazama uwanjani. Kisha akaanza kuita majina, kwa sauti kavu ya ofisini. Aliita jina, akanyamaza kwa muda ule hasa ambao mtu huhitaji kuitika, akatikisa kichwa, akaita jingine. Mara moja alisubiri zaidi, akaguna kwa kuudhika, akaendelea. Nilihisi nywele za mikononi zikinisimama, na jua lilikuwa kali.

Hadija alitoka na kigoda akaniwekea. "Ni kila siku," akasema taratibu. "Mimi nimezoea."

"Anawaita akina nani?"

"Walewale wa zamani. Wachache walirudi kwao. Wengi wako kule." Akaelekeza kidevu nyuma ya korona, ule mtambo wa kusindika mkonge, ambako palikuwa na makaburi. "Anasema akinywa anawasikia kwa mbali, kama redio ya jirani. Asipokunywa wanamsogelea."

Basi alikuwa akinywa tangu alfajiri, kikombe cha bati, na kingine kila baada ya saa moja au mbili. Nilifanya hesabu ya Bwana Mhando, nikaona mwanamume huyu hakai bila pombe ndani yake hata saa nane mfululizo. Nilipaswa kusimama hapo nifikiri. Badala yake nilifikiria ini lake, na nadhani nilifikiria pia kidole changu, na jinsi nilivyotaka kuona angalau mtu mmoja akipona wiki hiyo.

"Unataka kuishi?" nikamuuliza.

"Nataka."

"Basi unaacha leo. Hata funda usinywe."

Nikachukua dumu lake la gongo na kulimwaga mwenyewe chini ya mpapai. Simoni alinitazama kama mtu anayesikia mlango ukifungwa kwa nje. Hakubisha. Alikuwa mtu wa kutii ofisi.

Alhamisi saa tatu asubuhi Hadija alitokea mlangoni kwetu, vumbi hadi nyusi. Alikuwa amepanda lori la kuni. "Sista, njoo," akasema. "Hajalala tangu juzi. Jana alianguka, akakakamaa, akarusha mikono na miguu, akajiuma ulimi. Sasa ameamka na anawaita wote, na wanakuja."

Nilikimbilia kwa Bwana Mhando. Aliniuliza jambo moja tu. "Amekunywa mara ya mwisho lini?"

"Jumatatu asubuhi. Mimi ndiye niliyemwaga."

Uso wake ulibadilika, lakini sauti ilibaki ileile. "Siku ya tatu," akasema. "Twende."

Hospitali ilikuwa imeishiwa diazepamu ya sindano. Tuliipata kwenye duka la dawa la mtu binafsi, lililokuwa limefunguliwa karibuni na lenye kila kitu kasoro bei nafuu. Gari la hospitali lilikuwa bovu kama kawaida yake, tukapanda Land Rover ya mfanyabiashara wa mbao aliyekuwa akielekea Maramba. Njiani Bwana Mhando alinipa lile somo. Mwili uliozoea pombe kila siku, ukiinyang'anya ghafla, unaweza kuingia kifafa, homa na kuchanganyikiwa, na mtu akafa. Mgonjwa wa namna hiyo huachishwa kwa dawa inayopunguzwa siku hata siku, au, dawa isipokuwapo, kwa vikombe vinavyopunguzwa. "Na akikuonyesha watu," akasema, "usimwambie hakuna mtu, maana anawaona. Usimwambie na wewe unawaona. Mwambie kile kilichopo kweli."

Tulifika adhuhuri. Jua lilikuwa limesimama utosini na vitu havikuwa na vivuli. Simoni alikuwa uwanjani pekupeku, anatoka jasho hadi kaptula imelowa, mikono yote miwili inatetemeka mbele ya kifua kama aliyeshika daftari. Hakuwa ameshika kitu. Midomo ilikuwa na damu iliyokauka. Alikuwa akiita haraka, na baada ya kila jina macho yake yalimfuata mtu kutoka tundu la mlango hadi uwanjani, kisha yakarudi kwenye tundu jingine.

Tulisogea polepole. Nikiwa hatua kumi kutoka kwake, akaita:

"Mwanatumu Athumani Kombo."

Hilo ni jina langu. Kombo ni babu yangu, Mpemba aliyehamia bara. Kazini sikulitumia jina hilo popote. Kwenye kadi za wagonjwa niliandika herufi mbili tu, na wote waliniita Sista.

Akasubiri. Bwana Mhando akanigeukia. Hadija alikuwa amenishika nguo mgongoni.

"Mwanatumu Athumani Kombo," akaita tena, kwa ile hasira ndogo ya karani anayecheleweshwa.

Nilijua ni ugonjwa wa pombe. Nilijua kwa kichwa tu. Kwa wiki saba nilikuwa nimejisomea jina langu mwenyewe kila alfajiri kabla ya kufumbua macho, na sasa nilikuwa nalisikia kwa sauti ya mtu mwingine, katikati ya majina ya watu waliokwisha kuzikwa. Kitu ndani yangu kilitaka kuitika. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote, kwamba ilikuwa rahisi. Ningesema nipo, na kungoja kungekwisha.

"Bwana Simoni," nikasema, na sauti yangu haikuwa nzuri. "Mwanatumu ni muuguzi. Amekuja na dawa yako. Hayumo kwenye orodha hiyo."

Akainamisha kichwa, akapitisha kidole hewani kutoka juu kwenda chini, mstari kwa mstari.

"Hayumo?"

"Hayumo."

"Basi kaa kando, Sista. Usiwazibie njia wenzako."

Nami nikakaa kando. Hadi leo sijui kwa nini, lakini nilisogea hatua mbili nikaacha nafasi, na upepo ukapita hapo, au nilidhani umepita.

Bwana Mhando alitumia muda huo. Alimfikia kwa upande, akamshika bega, akazungumza naye kwa sauti ile ya chini mpaka akakaa. Tukamchoma sindano ya vitamini kwanza, kisha diazepamu, kisha tukampa maji ya sukari na chumvi kwa kijiko. Tulimlaza kwenye chumba chake, tukafungua dirisha ili mwanga uingie na vivuli vipungue, na tukamweka Hadija mahali ambapo angemwona kila akifumbua macho. Mtu mwingine asiyemjua hakuruhusiwa kuingia, si kwamba walikuwapo wengi wa kuzuia. Nusu saa baadaye mikono ilianza kutulia. Tulibaki kambini siku tatu, tukipunguza dawa kidogo kidogo.

Siku ya pili, tukiwa tumekaa kwenye baraza ya namba saba, Bwana Mhando akasema, "Ungeweza kumuua."

"Najua."

"Na jina lile limekutisha kuliko inavyopaswa. Nilikuwa nakutazama."

Nikamwambia kuhusu sindano. Alitaka kujua kidole kipi, nikamwonyesha, akakitazama kana kwamba kulikuwa na kitu cha kuona.

"Umemwambia nani?"

"Wewe."

"Unakunywa nini ili ulale?"

"Sinywi kitu, Bwana Mhando. Mimi Mwislamu."

"Nimekuuliza kwa sababu hata wewe unajua sasa wanachokitafuta wanywaji." Akainuka kwenda kumtazama mgonjwa. Sikuwahi kupata somo fupi kuliko hilo.

Simoni alizinduka Jumapili, akauliza kama ni Jumanne. Alipoweza kuzungumza vizuri nilimuuliza jina la Kombo amelipata wapi. "Jina gani?" akasema. Hakukumbuka uwanja wala orodha. Bwana Mhando alisema watu husikia mengi wakisubiri kwenye benchi la hospitali. Ni kweli. Ila mimi jina la babu yangu sikulitaja kwenye benchi lile hata siku moja. Nimeliacha hapo na sijalifukua.

Majibu yangu yalitoka mwezi uliofuata. Sikuwa na virusi. Nilimweleza mume wangu usiku huohuo, naye akakasirishwa na ile miezi mitatu ya ukimya kuliko sindano yenyewe. Alikuwa na haki.

Macho ya Simoni yalipokuwa meupe tulimrudishia vidonge, akamaliza matibabu ya kifua. Sikumwamuru tena. Kila alipokuja nilipanga vyombo mezani, naye akanionyesha, na siku nyingi aligeuza vyote kifudifudi. Alirudi kwenye gongo mara mbili. Mara moja ilikuwa baada ya watu kuja kuifungua ile korona na kuibeba kama chuma chakavu. Alikuja kwangu wiki hiyohiyo, anatetemeka, akaniambia kabla sijamuuliza. Tulimwachisha upya, safari hii kwa utaratibu, na hakuna aliyeitwa jina.

Kuna jambo moja sikulitegemea. Mwezi wa tano hivi tangu aache alikuja kwangu, akasema, "Wameondoka, Sista."

"Hilo ni jema."

"Ni jema. Lakini watu wale nilikaa nao miaka ishirini. Kumekuwa kimya sana kule."

Nilikuwa sijafikiria kwamba nilimnyang'anya watu. Tangu siku hiyo kila mgonjwa anayeacha humuuliza pombe ilikuwa ikimletea nani, au ikimfukuzia nani. Hadija alilielewa kabla yangu. Alimchukua wakahamia kwao Maramba, kwenye nyumba ya kaka yake, penye watoto, kelele na mihogo ya kupalilia. Simoni akawa anawasomea majirani barua zao.

Virusi havikujali lolote katika hayo. Mwaka wa nne tangu siku ile ya uwanjani alianza kukonda, mdomo ukajaa fangasi hadi kooni, miguu ikakataa. Nilikwenda kumwona nikijua nakwenda kuaga. Hadija alinipokea mlangoni. Hakunikaribisha ndani mara moja.

"Anaomba tembo," akasema. "La mnazi, kikombe kimoja. Nimemwambia nimuulize Sista kwanza. Mwenyewe ameridhia."

Simoni alikuwa ananisikia kutoka ndani. Miaka miwili hakuwa amegusa tone. Nilisimama pale na kila nilichokuwa nimefundishwa, na nikaona kwamba hakuna hata kimoja kilichohusu siku hiyo.

"Liko wapi?" nikauliza.

"Limegemwa asubuhi."

"Mpe."

Tulimwinua wote wawili. Hadija akamshikia kikombe. Alivuta harufu kwanza, akafumba macho. Akanywa funda moja, akalikalisha mdomoni, nikaona shingo ikihangaika kulimeza.

"Limechacha," akasema.

"La leo hili, baba," Hadija akasema.

"Basi ni mimi." Akasukuma kikombe taratibu kwa kidole. "Ahsante, Hadija. Ahsante, Sista. Nilitaka nikumbuke tu ni kitu gani kile."

Alikufa siku mbili baadaye, saa za asubuhi, akiwa amelala. Wauguzi wawili wameshaniambia kwamba wao wasingekubali kumpa. Huenda.

Lakini nilikuwa sijamaliza kusema habari za siku ile ya kikombe. Simoni alipolala tena, Hadija alitoka nje, akamwaga tembo lililobaki, akakisuuza kikombe kwa maji na majivu. Akamimina chai ya tangawizi, akaninyooshea. Wifi yake alikuwa uani, akaacha kupepeta mchele, akatutazama. Miaka ile vikombe vya nyumba zenye mgonjwa kama Simoni vilitengwa, na Hadija mwenyewe alikuwa na sahani yake peke yake kwenye kabati la kaka yake. Nikanywa nusu, nikamrudishia. Akanywa iliyobaki, akakiweka chini, na hapo ndipo alipoanza kulia.